UZI: Jibini laini na matunda, vitafunwa vya wageni bila kukaanga wala kuoka

#1 MamaKange (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikikaribia wikiendi humu jukwaani lazima atokee mtu na "nina wageni, niwape nini kabla ya chakula?" Majibu yanajulikana: sambusa, katlesi, kachori, bagia. Sina ugomvi na sambusa, nazipenda. Ila mtu ametoka kazini saa kumi na moja, wageni wanaingia saa moja usiku, ukimwambia akasukume manda unamwonea.

Leo naweka ya jibini laini na matunda. Jibini likishakuwepo kwenye friji, kupanga sahani ni dakika 15, na vyombo ni kisu na kijiko.

Najua wa kwanza kuchangia atasema jibini ni chakula cha wenye nazo. Kile kikopo kutoka Ulaya kule supamaketi, kweli, bei yake inakatisha tamaa. Hatukihitaji. Lita 2 za maziwa zinatoa gramu 300 hivi za jibini bichi, na bei ya maziwa mtaani kwako unaijua mwenyewe. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuchuja mtindi, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua lita 1 ya mtindi mzito usio na sukari, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Tandika kitambaa cheupe cha pamba juu ya chujio (kipande cha shuka kuukuu kilichochemshwa kinafaa, kanga mpya itakutolea rangi). Weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, kusanya ncha za kitambaa ufunge, kisha ingiza vyote kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bakulini kuna maji ya kijanikijani, na kitambaani kuna jibini zito kama siagi iliyokaa mezani. Lita 1 inabaki karibu nusu yake. Cha kuangalia ni lebo. Mtindi wa kiwandani ulioongezwa wanga au jelatini hautoi maji hata uuning'inize mpaka Idi, maana vitu hivyo vimewekwa makusudi vishike maji.

Ya pili ni kukata maziwa kwa siki au ndimu. Chemsha lita 2 za maziwa yenye mafuta yake huku unakoroga yasishike chini. Yakianza kupanda, zima moto. Mimina vijiko 4 vya chakula vya siki nyeupe au maji ya ndimu, taratibu, ukipitisha mwiko polepole. Utaona yanakatika, mabonge meupe yanajitenga na maji. Kama maji bado yana weupe wa maziwa, ongeza kijiko kimoja. Acha yatulie dakika 10, chuja, mwagia maji baridi juu yake kuondoa ukali wa siki, tia chumvi. Hapo unaamua. Ukilichuja dakika 15 tu kisha ukalisaga na vijiko viwili vya mtindi, unapata la kupaka. Ukilikandamiza chini ya sufuria iliyojaa maji kwa saa nzima, unapata la kukata vipande, na hilo haliyeyuki hata ukiliweka juu ya mkaa. Linapata rangi ya kahawia tu.

Sasa matunda.

Embe: dodo au bolibo, lililoiva lakini bado linashika kisu. Kata vipande vya kuingia mdomoni mara moja, weka jibini la mtindi juu, nyunyiza chumvi kidogo na pilipili ya unga, kamulia ndimu. Wengi wetu tumekulia embe mbichi la chumvi na pilipili nje ya geti la shule, kwa hiyo ulimi unaujua mwendo huu tayari. Jibini linaongeza ubaridi, na mafuta yake yanatuliza pilipili.

Tikiti maji: toa mbegu, kata miraba, na FUTA MAJI KWA TISHU. Asiyefuta atapeleka mezani sahani inayoogelea. Juu yake mraba wa jibini la kukandamizwa, jani la nanaa, pilipili manga, choma kijiti cha meno. Hapa chumvi ya jibini iwe kali kidogo, tikiti lenyewe ni maji matupu.

Zabibu: hii ndiyo watu hunipigia simu kuulizia. Zikaushe kabisa kwa kitambaa, kila moja ivishe jibini la mtindi lililochujwa siku nzima ya saa 24, viringisha kwenye korosho zilizokaangwa na kutwangwa. Zabibu za Dodoma nyingi zina mbegu, hizo zipasue, toa mbegu, ujaze jibini katikati badala ya kuvisha nje. Zinapendeza zaidi hata.

Ndizi siziweki. Zinageuka nyeusi kabla mgeni hajakaa, na ladha ya jibini inamezwa yote.

Kwa chini, kama unataka kitu cha kushikia, biskuti za chumvi zipo, lakini kaukau za muhogo, au mkate wa ufuta uliokatwa vipande vidogo ukakaushwa kwenye kikaango bila mafuta, vinazishinda mbali.

Angalizo moja: nanasi bichi (yaani lisilopikwa) na papai visikutane na jibini mpaka dakika ya mwisho. Vikikaa pamoja usiku, asubuhi jibini ni chungu na limejaa maji.

Uzi uko wazi. Mods, tafadhali msiuhamishie kule kwenye lishe ya wagonjwa.

#2 KijanaWaMabibo

Nimekaa mkao wa kula. Ila mama, tuwe wakweli. Embe na jibini? Huu si uzungu wa kwenye simu huu? Bibi yangu ukimwekea hiyo sahani atauliza nyama iko wapi.

#3 MamaKange

Bibi apewe nyama yake, hii ni ya kabla ya nyama.

Kuhusu uzungu: Wamisri wakati wa joto wanakula tikiti maji na jibini jeupe la chumvi majumbani mwao, hakuna mpishi wa hoteli hapo. Wabrazili nao wanakata jibini bichi, wanalilaza juu ya kipande cha mapera yaliyopikwa na sukari mpaka yakashikana na kukatika kwa kisu. Na mapera hapa Tanga yanaozea chini ya miti. Kesho ukipata nafasi pika hayo mapera: chemsha, chuja mbegu, pika tena na sukari huku unakoroga mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Mimina kwenye trei, yakipoa yakate. Kipande kimoja cha mapera, kimoja cha jibini la kukandamizwa lenye chumvi. Halafu urudi hapa uniambie habari za uzungu.

#4 Bint_Maskati

Assalaam alaykum jamani. Mie niko Maskati, nyumbani kwetu Kiswahili hakijatoka tangu wazee waliporudi kutoka Unguja. Tende mmezisahau au mmeniachia mimi?

Hilo jibini la mtindi huku ndiyo labna, haikosekani kwenye futari wala kwenye chai ya asubuhi, na tende ndo mwenzake. Lakini tende si zote. Khalas ni laini na tamu mno, ukiipasua inakushikia vidoleni, hiyo ile hivyohivyo na kahawa. Ya kujaza tafuta yenye mwili, Fardh kwa mfano, nyeusi, imekaza kidogo, utamu wake haukereketi. Huko Bara na Unguja mwambie muuzaji akupe zisizobonyea sana, aina yoyote.

Pasua upande mmoja, toa kokwa, tia labna kiasi cha nusu kijiko cha chai, chomeka lozi moja iliyokaangwa, nyunyiza ufuta. Kwenye labna mie hutia hiliki ya kusaga na chumvi. Chumvi usiiache, ndiyo inayoitia tende adabu. Kisha nusu saa kwenye friji, toa, pakua. Asiyekuwa na lozi atie korosho, tena korosho yenu ya Mtwara huku tunainunua kwa pesa nzuri.

Na tafadhali msimwage asali juu. Nawaona kwenye video wanamimina asali juu ya tende. Sukari juu ya sukari, ya nini?

#5 FundiBomba_Temeke

Hilo la nanasi mi sikubaliani. Dukani kuna mtindi wa nanasi, unakaa kwenye friji hata wiki mbili na hauna uchungu wowote. Sasa nanasi la MamaKange lina nini ambacho la kiwandani halina? Tusitishane.

#6 Mlo_na_Sayansi

@FundiBomba_Temeke swali zuri, na jibu liko kwenye neno "kiwandani".

Nanasi bichi lina vimeng'enya vinaitwa bromeleni. Kazi yake ni kukatakata protini. Jibini ni protini ya maziwa iliyoshikana pamoja na mafuta. Ukiviacha pamoja saa nyingi, bromeleni inaikata ile protini vipande vidogo, vingine ladha yake ni uchungu, na kwa kuwa mtandao wa protini umevunjika, maji yaliyokuwa yameshikwa ndani yanatoka. Ndiyo hayo mawili aliyoyasema mama.

Mtindi wa nanasi wa kiwandani unatengenezwa kwa nanasi lililopikwa kwanza. Joto linaiharibu bromeleni, haifanyi kazi tena. Nanasi la kopo nalo hivyohivyo, limepita kwenye moto. Aliyewahi kujaribu kugandisha jeli ya unga na nanasi bichi anajua haigandi, sababu ni hiyo hiyo.

Papai lina jamaa yake, papeni. Hapa hata sihitaji kueleza sana, nani humu hajawahi kupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike? Kinacholainisha ile nyama ndicho kinacholivunja jibini. Iko nyingi zaidi kwenye utomvu wa papai bichi. Papai lililoiva vizuri lina kidogo, kwa hiyo likiwekwa na kuliwa papo hapo halina neno. Tofauti na bromeleni, papeni inavumilia joto zaidi, usitegemee kulipasha papai kidogo ndiyo uwe umemaliza kazi. Kiwi na tini mbichi ziko kundi hili pia, na utomvu wa tini watu wa kale waliutumia hasa kugandishia maziwa. Tini kavu hazina shida.

Embe, tikiti, zabibu, parachichi, peasi, tufaha, stroberi: changanya bila hofu. Na mtu asiseme pasheni italikata jibini kwa ukali wake. Jibini lilishakatika tayari, hapo hakuna cha kukata tena.

#7 FundiBomba_Temeke

Sawa mwalimu, nimekuelewa, hasa hapo kwenye mishkaki. Kwa hiyo nanasi la kuchoma ruksa?

#8 MamaKange

Ruksa, na ni tamu kuliko bichi. Kata nanasi vipande vya unene wa kidole, weka kwenye wavu wa mkaa mpaka lipate mistari na joto lifike ndani, lisiguse juujuu tu. Jibini la kukandamizwa likate miraba, lipake mafuta kidogo na pilipili manga, nalo lichome pande mbili. Likipoa kidogo yachome kwenye vijiti vifupi: nanasi, jibini, nanasi. Pilipili mbuzi iliyokatwa vidogo sana na ndimu juu. Wanaume waliokuwa wanajifanya hawali "vitu vya kina mama" nimewaona wakikaa karibu na jiko.

Jibini la mtindi usilipeleke kwenye mkaa, hilo litamwagika lote.

#9 Naks_Finest

Sasa wadau. Huku Kenya hiyo ya kuchuja tunafanya na maziwa lala (yale ya kuganda), na inakubali vizuri kabisa, bora tu isiwe ile ya sukari. Wenye pesa wako na Brown's kule Tigoni, Limuru, wanatengeneza jibini tangu 1979 na siwezi danganya, ni tamu. Lakini mwisho wa mwezi ikiwa mbali, ni kitambaa na chujio.

Mimi nataka kuongeza tunda moja hamjaligusa: matunda damu (tree tomato). Yachemshe dakika mbili ngozi ifunguke, menya, ponda, pika na kijiko kimoja cha sukari na pilipili manga hadi ishikane. Iache ipoe kabisa. Kwenye sahani tandaza jibini la kupaka, katikati chimba kidogo na mgongo wa kijiko, mwaga hiyo sosi nyekundu, zungushia vipande vya chapati iliyokaushwa. Kila mtu anachota mwenyewe. Hakuna kazi ya kupanga kipande kimoja kimoja, hiyo kazi mimi sina subira nayo.

Karakara (pasheni) pia hivyo hivyo, hata usipike. Mbegu zake zikivunjika kwa meno juu ya jibini baridi, wacha tu.

#10 AbuSalma

Naomba kuuliza wakuu. Nasikia jibini linagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Sasa sisi wengine tunaotazama halali na haramu, mmesema nini kuhusu hilo? Na mke wangu hali nyama kabisa, yeye naye inamhusu.

#11 MamaKange

@AbuSalma haya mawili niliyoandika hayana hicho kitu. La mtindi limegandishwa na bakteria wa mtindi wenyewe, la pili na siki au ndimu. Mnakula nyote wawili bila wasiwasi.

La dukani ndiyo soma lebo. Zamani kimeng'enya kilikuwa cha tumbo la ndama, na jibini nyingine bado zinatumia hicho. Ila tangu 1990 Marekani iliporuhusu kile kinachotengenezwa kwa vijidudu, viwanda vingi vimehamia huko. Zipo zinazoandika kabisa kwamba zinawafaa wasiokula nyama. Pasipoandikwa kitu, muulize shekhe wako, mimi ni mpishi tu.

#12 Nesi_Kibaoni

Nimeusoma uzi wote nikingoja mtu aseme, hakuna aliyesema, kwa hiyo naharibu sherehe.

Maziwa YACHEMSHWE. Kuna watu wananunua maziwa mabichi kwa mfugaji, wanayagandisha yenyewe kwenye kibuyu au ndoo, kisha wanachuja. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na brusela, ule ugonjwa wafugaji wanauita wa kutupa mimba, na binadamu anaupata: homa za kuja na kuondoka, viungo kuuma miezi na miezi, unatibiwa malaria kila siku na malaria haionekani. Ukitaka mtindi wa nyumbani, chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana.

Wajawazito wasile jibini laini la maziwa mabichi, hata likiwa la kutoka nje na limefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Kuna bakteria anaitwa listeria, yeye baridi ya friji haimzuii kuongezeka, na anaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hili la kuchemsha la MamaKange likiliwa lingali jipya ni jambo lingine kabisa.

Kwa joto la Pwani, sahani ikikaa mezani saa mbili imetosha, na mchana wa jua kali saa moja. Kwenye friji siku tatu nne.

Zabibu nzima msiwape watoto wadogo chini ya miaka mitano, zinakaba koo. Zikateni kwa urefu mara nne. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hapana.

Haya endeleeni.

#13 MamaKange

Nesi hujaharibu kitu. Hii ya zabibu hasa nashukuru.

#14 MpishiWaShughuli

Mimi kazi yangu ni kulisha watu kwenye send-off na kitchen party, acha niwape upande wa wingi, maana sahani ya watu sita na trei za watu hamsini ni kazi mbili tofauti.

Hesabu yangu ni vipande vinne kwa mtu kama chakula kipo nyuma. Watu 50 ni vipande 200. Kila kipande kina gramu 15 za jibini, hiyo ni kilo 3. Kwa maziwa ya kukata na siki unahitaji lita 20. Usijaribu lita 20 kwenye sufuria moja la nyumbani, yatakuungulia chini na harufu ya moshi haitoki. Gawa mara nne.

Jibini linatengenezwa siku moja kabla. Matunda yanakatwa siku yenyewe asubuhi, kila tunda kontena lake, tishu chini. Kaukau au mkate mkavu unabaki kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka mwisho kabisa, kwa sababu adui mkubwa wa vitafunwa hivi ni unyevu. Ukipanga saa tisa kitu kinacholiwa saa kumi na mbili, umepika uji.

Utaratibu ukumbini: safu ya kwanza kitu kikavu, juu yake jibini, tunda juu ya jibini. Jibini hapo katikati ndilo linazuia maji ya tunda yasifike kwenye mkate. Nimeona wapishi wakubwa wanageuza, tunda chini jibini juu, halafu wanashangaa mkate umelala. Jibini liweke kwenye mfuko mnene wa kuhifadhia chakula, kata pembe, kamua. Kijana mmoja anakamua, mmoja anaweka tunda, trei ya vipande 40 inaisha kabla hujamaliza kubishana na MC kuhusu ratiba.

Umeme. Kumbi nyingi friji lake ni la soda na linafunguliwa kila dakika. Mimi nakwenda na deli langu la barafu, jibini linakaa humo mpaka linapakuliwa, na trei za mezani zinakaa juu ya trei nyingine pana yenye barafu iliyofunikwa kitambaa. Umeme ukikatika mimi sina habari.

Kitu kingine hakisemwi: katika shughuli zetu usipeleke jibini peke yake. Weka na kitu cha nyama pembeni. Mjomba aliyetoka Singida kwa basi usiku kucha hawezi kupokelewa na tikiti maji.

#15 Mshambaa_Halisi

Hahaha hiyo ya mjomba.

Nyie mmekaa Pwani mnasema embe tu. Njooni Lushoto mwisho wa mwaka mkute peasi na plamu zinauzwa kwa ndoo barabarani. Peasi ndilo tunda la jibini, hayo mengine ni ya kujaribu. Likate nyembamba likiwa bado gumugumu, lipake ndimu lisiwe jeusi, juu yake jibini na asali ya nyuki wadogo. Siyo asali ya kawaida, nasisitiza, ya nyuki wadogo. Ni nyepesi na ina ukakasi fulani unaokaa vizuri na jibini, haifuniki ladha.

Na kama mtu anapita huku, pale Irente wana jibini lao la shambani, mkate na jamu. Unanunua, unakaa ukingoni unatazama nyika ya Mazinde kule chini, umemaliza, hata sahani huhitaji.

Wa Nyanda za Juu Kusini nao wana jibini za Njombe, kile kiwanda cha maziwa kilichosaidiwa na Waitaliano. Hatuna sababu ya kula kikopo kilichopanda ndege.

#16 KijanaWaMabibo

Nimerudi. Geto letu tuko wanne, nimefanya ile ya embe na pilipili. Jamaa yangu mmoja alisema haonji, akaishia kufuta sahani na kidole. Nafuta kauli ya uzungu, ya bibi inabaki palepale.

Swali. Mtaani kwetu maziwa freshi yanakuja asubuhi tu, mimi niko kazini. Haya ya boksi yanayokaa miezi bila friji yanakatika? Rafiki yangu anasema hayo yamekufa, hayatoi jibini.

#17 Mlo_na_Sayansi

Rafiki yako yuko sahihi nusu. Maziwa ya boksi yamepashwa joto kubwa sana, juu ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, na joto hilo limebadilisha protini zake. Kwa jibini la kugandisha na kile kimeng'enya cha ndama hayafai, yanaganda ovyo. Lakini kwa kukata na siki yakiwa ya moto yanakatika. Tofauti utaiona kwenye mabonge, yanakuwa madogo na laini, yanapita kwenye chujio la matundu makubwa. Tumia kitambaa chenye nyuzi za karibu na usitegemee la kukata miraba. La kupaka unapata, tena nyororo. Nunua yenye mafuta yote, yale yaliyopunguzwa mafuta yatakupa kitu kikavu cha kusagasaga.

#18 MwanaWaPili

Wakuu nimechelewa. Mimi nina mawili tu. Yale maji yanayobaki mnamwaga? Na jibini likibaki na matunda yake, naweza kugandisha kwenye friza nile wiki ijayo?

#19 MamaKange

@MwanaWaPili usimwage. Maji ya mtindi uliochujwa ninakandia unga wa chapati, zinakuwa laini na zina ukali kidogo wa kupendeza. Kumbuka yana chumvi tayari, punguza ya kwenye unga. Wengine wanayanywa na barafu, mimi hapana. Yale ya siki ni makali zaidi, hayo tia kwenye maharage yakishaiva, kiasi kidogo, au lowekea kuku kabla ya kuchoma.

Friza: embe na tikiti lililokatwa usigandishe na jibini, likiyeyuka yote yanakuwa majimaji. Jibini la kukandamizwa linavumilia, litakuwa linabomokabomoka kidogo, hilo lipeleke kwenye mchicha. La mtindi linaachana na maji yake, ukilikoroga upya linafaa kwa sosi, siyo kwa kuvisha zabibu. Tende za Bint_Maskati ndizo pekee ninazogandisha nzimanzima na jibini lake ndani. Zipange kwenye trei zisigusane, zikishagumu zitie kwenye kontena lenye mfuniko. Zitoe nusu saa kabla ya wageni, lozi uchomeke wakati huo, siyo kabla, maana ikilala humo inalegea.

#20 Bint_Maskati

Kabisa. Na zingali na ubaridi wake ni tamu zaidi, usingoje mpaka zilainike zote.